Dakika Moja ya Kuhesabu Pumzi: Mafua Makali ya Watoto katika Kaya za Tarime na Serengeti

Mafua yanapochachamaa, wadi ya watoto huelemewa kutoka pande mbili. Upande mmoja wapo watoto wengi wenye kamasi, kikohozi na joto la mwili, ambao wangepona nyumbani kwa maziwa ya mama, uji na usingizi. Upande wa pili wapo wachache wanaoletwa siku ya tatu au ya nne, wamelegea, midomo imeanza kuwa ya bluu, wanaohitaji oksijeni papo hapo. Wote hukaa kwenye benchi lilelile, wakimsubiri muuguzi yuleyule. Hoja ya kijitabu hiki ni kwamba watoto hawa wanaweza kutenganishwa kabla hawajatoka nyumbani, na anayeweza kuwatenganisha ni mama, baba au bibi mwenye macho na saa ya simu. Hilo likifanyika, mgonjwa mahututi atafika mapema, na aliye na mafua ya kawaida hatakwenda kukaa saa nzima katikati ya wanaokohoa.

Wapo wanaosema mafua ni ugonjwa wa kupita, hayahitaji kijitabu. Kwa mtu mzima mwenye afya, mara nyingi ni kweli. Kwa mtoto mdogo, takwimu zinasema vingine. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba virusi vya influenza huua watu kati ya 290,000 na 650,000 kila mwaka kwa matatizo ya upumuaji, na karibu vifo vyote vya watoto chini ya miaka mitano vinavyotokana navyo hutokea katika nchi zinazoendelea. Hata hivyo utajiri peke yake si kinga: Marekani, yenye mashine na dawa zote, ilipoteza watoto wasiopungua 280 katika msimu wa 2024 hadi 2025, na wengi wao hawakuwa wamekamilisha chanjo ya mafua. Karibu zaidi na sisi kuna mfano wa Panzi, katika mkoa wa Kwango, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako mwishoni mwa 2024 dunia nzima ilitangaziwa kuwa kuna ugonjwa usiojulikana. Sampuli zilipopimwa, hakukuwa na mdudu mpya. Yalikuwa maambukizi ya kawaida ya njia ya hewa, virusi vya influenza vikiwamo, yaliyowakuta watu wenye malaria na utapiamlo, mahali ambapo hospitali ni mbali na dawa ni haba. Zaidi ya nusu ya waliofariki walikuwa watoto chini ya miaka mitano. Nionavyo, Panzi inatuhusu kuliko Marekani, kwa sababu mkoa wetu wa Mara nao unaijua malaria, na mtu wa kijiji cha ndani huko Serengeti anajua maana ya kusafiri hadi hospitali ya Mugumu usiku wa mvua.

Tusisubiri pia msimu mmoja wa mafua kama wa Ulaya. Afrika Mashariki virusi hivi huzunguka mwaka mzima, vikipanda na kushuka. Baridi ya Juni na Julai kwenye miinuko ya Tarime huwakusanya watu ndani, milango imefungwa, moto katikati. Masika nayo hufanya vivyo hivyo. Ongeza shule za awali, minada, na msongamano wa kila siku wa wasafiri pale mpakani Sirari, utaona kwa nini mtoto anayeanza masomo huleta kamasi nyumbani na baada ya siku mbili mdogo wake anayenyonya ndiye anayeungua.

Mara nyingi kinachoua si kamasi, ni kinachofuata. Virusi huharibu utando unaolinda njia ya hewa, kisha maambukizi hushuka kwenye mapafu, au bakteria hupata upenyo wa kuingia. Vifuko vya hewa vikijaa majimaji, mtoto hapati oksijeni ya kutosha kwa pumzi moja, hivyo huvuta nyingi na za haraka. Hiyo ndiyo nimonia, na ndiyo sababu idadi ya pumzi hueleza habari ya mapafu kabla hata ya picha ya eksirei. Kipimo hiki hakikubuniwa kwa ajili ya hospitali kubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, daktari Frank Shann na wenzake, wakifanya kazi katika milima ya Papua New Guinea, walitafuta dalili ambazo mhudumu asiye na mashine angeweza kuzitumia, wakaona kwamba kasi ya kupumua na kubonyea kwa kifua ndizo zinazosaidia zaidi. Viwango vinavyotumika leo katika zahanati zetu vimetokana na kazi ya namna hiyo: mtoto wa miezi miwili hadi asiyetimiza mwaka, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni nyingi mno, wa mwaka mmoja hadi asiyetimiza mitano, 40 au zaidi, mchanga wa chini ya miezi miwili, 60 au zaidi, na huyu huhesabiwa mara mbili kwa sababu pumzi zake huyumba.

Kuhesabu kwenyewe kuna namna yake. Mtoto awe ametulia, halii wala hanyonyi. Akiwa amelala kwenye mapaja ni bora zaidi. Pandisha nguo hadi kifua na tumbo vionekane, katika mwanga wa kutosha. Mmoja ashike simu, hata kitochi kina saa, mwingine atazame tumbo. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu dakika nzima, usihesabu nusu dakika na kuzidisha mara mbili, maana mtoto huvuta haraka kidogo, akatulia, akaanza tena. Ikifikia kiwango cha umri wake au kuzidi, nenda zahanati. Kisha tazama sehemu ya chini ya mbavu: akivuta hewa, sehemu hiyo ikiingia ndani badala ya kutoka nje, kifua kinabonyea, na hapo usijali hesabu imetoka ngapi, nenda. Nenda pia akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea au kuwa mgumu kuamka, akitoa mlio kooni anapovuta hewa akiwa ametulia. Mtoto wa chini ya miezi miwili mwenye homa, au aliyeacha kunyonya vizuri, hasubiriwi nyumbani hata kidogo. Na yupo mtoto wa kumwangalia kwa jicho la pekee, yule aliyeonekana kupona, akacheza siku moja, kisha homa ikarudi kwa nguvu na kikohozi kikazidi. Wengi hudhani ni mafua mapya, kumbe mara nyingi ni nimonia imeingia nyuma ya mafua.

Pingamizi la kwanza hutoka kwa wataalamu wenyewe: wazazi watakosea kuhesabu. Watakosea, ndiyo. Lakini aliyehesabu 52 mahali penye 46 kwa mtoto asiyetimiza mwaka amepoteza nauli, wakati asiyehesabu kabisa anaweza kumpoteza mtoto. Isitoshe, Tanzania ina ushahidi wake. Katika miaka ya 1980, mradi wa Bagamoyo ulioandikwa na Mtango na Neuvians mwaka 1986 uliwatuma wahudumu wa afya wa vijiji kuzitembelea kaya, kuwafundisha wazazi kuitambua nimonia, kuitibu na kutoa rufaa. Ndani ya miaka miwili vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilipungua kwa zaidi ya robo. Bagamoyo ya wakati huo haikuwa na simu mkononi wala barabara nzuri kuliko Tarime ya leo.

Pingamizi la pili ni la malaria: mtoto ana joto, apewe dawa mseto, mengine baadaye. Mwaka 2008 watafiti waliwachunguza kwa kina watoto 1,005 wenye homa waliofika kliniki za Dar es Salaam na Ifakara, na matokeo yakachapishwa 2014. Zaidi ya watoto sita kati ya kumi walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa; malaria ilikuwa kwa takriban mmoja kati ya kumi. Mkoa wa Mara si Dar es Salaam, na malaria huku inaweza kuwa nyingi zaidi, kwa hiyo kipimo cha haraka cha malaria kifanyike kila mtoto anapokuwa na homa. Lakini kipimo kikionyesha malaria, hakijasema kwamba mapafu ni salama. Mtoto anaweza kuwa na vyote viwili, na anayepewa mseto huku anapumua mara 58 kwa dakika ametibiwa nusu.

Utafiti huohuo unajibu hoja ya duka la dawa, inayosema foleni ya nini wakati amoksilini au septrini ziko hapo jirani. Kati ya watoto wale, saba katika kila kumi walikuwa na ugonjwa wa virusi, na antibiotiki haiui virusi. Anayenunua vidonge vinne kwa mafua amenunua kuharisha kwa mtoto na kuwafundisha bakteria kuizoea dawa, ili siku nimonia ya kweli itakapokuja dawa hiyo isifanye kazi. Dawa za kifua za rangirangi nazo hazimsaidii mtoto mdogo. Homa ikimsumbua, panado kwa kadiri ya uzito wake inatosha. Aspirini asipewe kabisa. Pua ikiziba, matone ya maji safi yenye chumvi kidogo kabla ya kunyonya. Asali kijiko kidogo hutuliza kikohozi cha aliyetimiza mwaka, chini ya hapo ni hatari. Anyonye mara nyingi zaidi, anywe kidogokidogo, asifunikwe mablanketi matatu. Kama huhitaji kwenda leo, hesabu pumzi asubuhi na jioni, na baada ya siku mbili bila nafuu mpeleke.

Kuhusu kukata kimeo, lazima tuseme wazi bila kuwadharau wazee. Kimeo huvimba kwa sababu mtoto anakohoa, hakimfanyi akohoe. Kikohozi cha mafua hupungua chenyewe ndani ya wiki moja au mbili, hivyo wembe hupewa sifa ya kazi iliyofanywa na mwili. Kinachobaki ni jeraha kooni, damu, na vijidudu vya wembe. Nyungu nayo, kwa mtoto mdogo, huishia zaidi kwenye kuunguzwa kwa maji ya moto kuliko kwenye nafuu. Wanaosema walitibiwa hivyo wakapona wanasema kweli, ila wasiopona hawapo kutoa ushuhuda.

Kinga ipo, ingawa haijakamilika. Chanjo ya mafua haimo katika ratiba ya kawaida ya watoto wa Tanzania. Nchini Kenya, kamati ya wataalamu wa chanjo iliipendekeza mwaka 2016 kwa watoto wa miezi 6 hadi 23. Lakini baadhi ya nimonia zinazofuata mafua zina chanjo zake, na ziko zahanati bila malipo: ile ya nimonia, iliyoanza kutolewa nchini 2013, na ile ya pamoja (pentavalenti), zote katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha surua na rubela miezi 9 na 18. Kibuyu chirizi chenye sabuni mlangoni, aliyekohoa kugeukia kiwiko, na mtoto kutobebwa mgongoni jikoni kuni zinapofuka moshi, hayo hayana gharama ya kusubiri bajeti.

Tatizo gumu zaidi ni la ruhusa na nauli. Katika kaya nyingi mtoto huzidiwa usiku, baba yuko mgodini Nyamongo au mnadani, na mama anaogopa kuamua. Hili halitatuliwi usiku huo. Litatuliwe sasa: baba aseme mbele ya wote kwamba hesabu ikizidi au kifua kikibonyea, mama haombi ruhusa, namba ya bodaboda anayeaminika iandikwe ukutani, nauli ya kwenda Mugumu au hospitali ya wilaya Tarime itengwe isiguswe. Kwa sera ya afya, matibabu ya mtoto chini ya miaka mitano katika kituo cha serikali hayana malipo, na kadi ya kliniki ndiyo ushahidi wa umri wake. Fanyeni zoezi leo jioni mtoto akiwa mzima: mhesabuni, andikeni namba hiyo na tarehe nyuma ya kadi, ili mganga aione atakapoumwa. Mwenye swali apige 199, namba ya Wizara ya Afya, bila malipo.