Mlinzi wa Lango Kwenye Simu Yako

Andiko la somo: Nehemia 7:1–3

Bonasi ya majani chai ikiingia, wengi hapa Kangari huweka kando mulika mwizi na kununua simu ya kugusa. Ni jambo jema. Simu hiyo itakupa Biblia ya kusoma na kusikiliza, huduma za serikali kwenye eCitizen, na sura ya mjukuu aliye mbali. Lakini kabla hujaanza kuweka apu, yaani zile programu za simu, tumsikize Nehemia.

Nehemia alipomaliza ukuta wa Yerusalemu hakusema kazi imeisha. Alitia milango, akaweka walinzi, akaagiza malango yasifunguliwe mpaka jua lipande. Angalia vizuri: hakuyaziba. Watu walihitaji kuingia na kutoka. Alichotaka ni kila lango liwe na mtu wa kuangalia nani anaingia. Kila apu ni lango, na mlinzi ni wewe. Uliza maswali matatu.

1. Imetoka wapi? Pakua kutoka Play Store. Usiweke apu kwa kubonyeza linki ya WhatsApp, hata kama imetumwa na mtu wa kikundi chetu cha maombi. Pengine naye ametumiwa tu. Soma jina la mwenye apu, usiangalie picha peke yake. Wezi huiga rangi na alama za benki.

2. Inaomba ruhusa gani? Simu itakuuliza kama apu iruhusiwe kuona namba zako, picha zako ama mahali ulipo. Linganisha ombi na kazi yake. Apu ya ramani lazima ijue uko wapi. Apu ya tochi inataka namba za watu za nini? Kataa. Kama ulishakubali, ingia Mipangilio, kisha Programu, kisha Ruhusa, uiondoe.

Hapa kuna jambo la upendo wa jirani. Orodha yako ya namba si yako peke yako. Ndani yake kuna mwalimu wa mtoto, mama wa chama, na wazee wa kanisa. Kenya tumeona apu za mikopo zikiwapigia marafiki wa mdaiwa ili kumwaibisha. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zilikataza tabia hiyo, na tangu 31 Mei 2023 Google haikubali apu za mikopo kwenye Play Store zisome namba na picha za mteja. Lakini apu iliyoingia kwa linki ya pembeni haikupitia mlango huo.

3. Itanigharimu nini? Kwenye Luka 14:28 Yesu anamtaja mjenzi anayekaa kwanza kupiga hesabu. Basi tupige. Ukikopa shilingi 3,000 na kurudisha 3,450 baada ya mwezi, unaona 450 ni kidogo. Rudia kila mwezi kwa mwaka mzima: utakuwa umelipa 5,400 za riba, na zile 3,000 bado unazihitaji. Mithali 22:7 inatuonya kwamba anayekopa huwa mtumwa wa aliyemkopesha. Kabla ya kukopa, angalia kama mkopeshaji yuko kwenye orodha ya wenye leseni ya Benki Kuu.

Na ikiwa umeshanaswa? Kufuta apu hakufuti deni. Usikope apu ya pili kulipa ya kwanza. Andika madeni yote kwa karatasi, uje tuongee. Aibu hukua gizani, na hakuna atakayekucheka ofisini mwetu.

Kazi ya juma hili: Kila kijana akae na cucu ama guka mmoja baada ya ibada, amsaidie kuweka apu ya Biblia. Mwache abonyeze mwenyewe, na usimuulize namba yake ya siri. Wazee wetu wengi wameilinda namba ya M-Pesa tangu ilipoanza 2007, tusiwafundishe kuitoa.

Swali la kutafakari: Ni apu gani kwenye simu yako iliyoingia bila kuulizwa lolote?

Maombi: Bwana, tupe hekima ya kufungua na ujasiri wa kufunga. Walinde jirani zetu kupitia mikono yetu. Katika jina la Yesu, amina.