Mtoto Asiyeona na Vichochoro vya Kibokoni

Mzazi wa mtoto asiyeona anayekaa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, ana haki ya kuviogopa vichochoro. Bodaboda hupenya popote, mikokoteni haina breki, na njia hupindapinda. Lakini mtoto akifungiwa ndani hadi umri wa shule, hofu ile ile inamngoja mlangoni, naye hana ujuzi wowote wa kuikabili.

Kwanza macho yapimwe. Ukiona weupe ndani ya mboni, hata kama ni pichani tu, usingoje akue wala usimtie dawa ya kienyeji. Huenda ni mtoto wa jicho, huenda ni saratani, na yote mawili hayataki kucheleweshwa. Mpeleke Hospitali Kuu ya Pwani upesi.

Mwendo uanzie kizingitini. Mshike mkono aguse mlango, nakshi zake, kisha baraza la ukutani. Mfunze kupapasa ukuta kwa mgongo wa vidole, mkono ukitangulia kidogo mbele yake. Ncha za vidole hukwaruzika na kujigonga. Mkitoka pamoja, usimsukume mbele yako. Yeye ndiye akushike, juu ya kiwiko, au kifundo cha mkono akiwa mdogo, nawe utangulie nusu hatua. Mwambie kilicho mbele: "Ngazi, tunashuka."

Sasa mchagulieni alama za njia, na hapa wengi hukosea. Vikombe vya muuza kahawa vinavyogongana hupendeza kuvisikiliza, lakini muuza kahawa huhama. Adhana nazo hutoka misikiti mingi kwa pamoja, na mwanafunzi mpya hazimwonyeshi upande. Alama iwe kitu kisichohama: pembe ya nyumba, ngazi, mahali upepo wa bahari unapoingia kichochoroni. Njia ya dukani ikishamkaa, mfuate kwa mbali na unyamaze.

Akisikia pikipiki, asimame, mgongo ukutani, fimbo aisimamishe wima karibu na mwili. Fimbo nyeupe imfikie kifuani, naye aiguse chini upande wa kushoto anapotupa mguu wa kulia, kisha kinyume chake. Mwalimu wa mwendo ndiye wa kumnyoosha. Nyumbani ni mazoezi.

Majirani nao wafunzwe, na hili nalisema kwa uchungu. Kuna mchezo wa kumshika mtoto bega na kumuuliza, "Haya, mimi nani?" Humfedhehesha mbele ya wenzake. Waambie wamsalimu kwa kujitaja: "Mimi mama fulani, hujambo?" Wala wasimvute mkono kumvusha kabla hawajamuuliza.

Mtume dukani mapema. Sarafu azijue kwa ukubwa na ukingo. Noti mkunjie, kila thamani mkunjo wake, na chenji aikunje mwenye duka vivyo hivyo. Na kazi za nyumbani, kufua leso, kuosha vyombo, kutandika kitanda: zamu yake isirukwe.

Umri wa shule ukifika, Shule ya Wasioona ya Likoni iko ng'ambo ya kivuko, na feri haiwalipishi waendao kwa miguu. Vukeni pamoja kabla muhula haujaanza, mtoto azoee mteremko na msongamano. Ukifika, mwombe mwalimu akufunze breli wewe pia. Kila herufi hujengwa kwa nukta zisizozidi sita, nawe utaweza kusoma daftari la mwanao likizo ikifika.