Mafunzo Niliyopata kwa Kupe Wenye Kasoro

Kazi yangu ni kukusanya kupe kwa ng'ombe wa maziwa mkoani Tanga. Wenye maumbile ya ajabu hupatikana kwa nadra, lakini wamenifundisha haya.

1. Jua umri kabla ya kuhesabu miguu. Kupe akianguliwa ana miguu sita. Minane huipata baada ya kujivua gamba. Wafugaji huniletea hao wadogo wakiapa ni vilema. Ni wachanga tu.

2. Jeraha si kilema. Ukimnyofoa kupe kwa vidole, mguu hukatika na mdomo hubaki kwenye ngozi ya ng'ombe. Kwenye hadubini kidonda kibichi hujionyesha. Anayetatiza ni yule aliyekatika mguu utotoni: akijivua gamba, mguu huota tena, pengine ukiwa mfupi kuliko wenzake. Huyo hakuzaliwa na kilema, ingawa utaapa alizaliwa nacho.

3. Kuna nusu dume, nusu jike. Huyu ndiye anayenifurahisha kuliko wote. Ngao ya dume hufunika mgongo mzima, kwa hiyo havimbi sana. Ya jike huishia mbele, na sehemu iliyobaki hutanuka kwa damu. Nilimkuta mmoja ndani ya sikio la mtamba: upande mmoja mkavu, mgumu, wa kahawia, wa pili umejaa damu, hata mwili wote ukapinda kama korosho.

4. Usikimbilie kulaumu josho. "Dawa ndiyo inayowalemaza, bwana mifugo," huambiwa mara nyingi. Hutajwa sababu nyingi: joto, unyevu, majeraha, kinga ya ng'ombe, hata kupandana kwa jamii mbili za kupe. Kemikali nazo zimo, ila Mfaransa Neumann alikwisha kuandika juu ya kasoro hizi mwaka 1899, kabla ya dawa tunazotumia leo.

5. Kupe mwenye kasoro mtenge kwenye kichupa chake chenye spiriti ya asilimia 70. Lebo iandikwe kwa penseli, maana wino huyeyuka.

6. Kilema naye huuma. Kupe wa masikio aliyepungukiwa mguu wa nyuma, mdomo ukiwa mzima, hunyonya na anaweza kuambukiza ndigana kali. Kwa hiyo ndugu mfugaji, ukimwona wa ajabu niletee, lakini siku ya kuogesha usiiruke.