SOMO LA MWEZI: NJIA NI YA NANI?



Katika somo hili tutazame jambo tunalolikanyaga kila siku bila kulifikiri, yaani njia zetu. Lami ilipofika karibu nasi hapa Chuno tulishangilia, maana vumbi lilikwisha. Lakini katika mvua za kwanza mzee mmoja wa Kanisa letu alianguka mtaroni alipokuwa akija ibada ya asubuhi. Hapakuwa na njia ya miguu, na mtaro ulikuwa wazi. Aliumia nyonga, na tangu hapo anatembelea gongo. Tukawalaumu waliojenga. Ndipo mama mmoja akauliza, "Barabara hiyo ilipozungumzwa kwenye mkutano wa mtaa, nani kati yetu alikwenda?" Tukatazamana.

Tukumbuke mji wetu ulivyoanza. Mikindani ulikua pole pole, watu wakijenga kando ya njia walizozoea kupita kwa miguu. Mtwara haukukua hivyo. Ulichorwa kwenye ramani mwishoni mwa miaka ya 1940, Waingereza walipotaka bandari ya kusafirishia karanga za Nachingwea. Wakachora mji mkubwa, sehemu zake zikiwa mbalimbali. Mwaka 1951 mpango wa karanga uliachwa, lakini umbali ule ulibaki, nasi ndio tunaoutembea juani.

Tangu mwaka 2010, Mtwara-Mikindani ulikuwa mmoja wa miji iliyoingizwa katika Mradi wa Miji ya Kimkakati, kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mradi huo ulijenga barabara za lami na mitaro katika miji hiyo. Tunashukuru. Lakini lami huongeza mwendo wa magari, na mwendo una hatari yake. Mtu akigongwa na gari liendalo kilomita 30 kwa saa, mara nyingi hupona. Likienda kilomita 50, hatari ya kufa huzidi mara kadhaa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 1.19 walikufa barabarani mwaka 2021, na zaidi ya nusu yao walikuwa waendao kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki.

Je, lipo la kufanya? Lipo. Huko Dar es Salaam shirika moja liitwalo Amend lilianza kwa kuuliza. Liliuliza ni watoto wa shule zipi wanaogongwa, na wapi. Kisha wataalamu walizitazama njia za kwenda shuleni, wakaweka mambo madogo: njia ya miguu, matuta, vivuko, alama, na mahali pengine lango la shule likahamishiwa upande wenye usalama. Watoto nao wakafundishwa kuvuka. Ajali za watoto zilipungua, na mwaka 2019 kazi hiyo ilipewa tuzo ya kimataifa ya miji. Tuangalie hapa: fedha nyingi hazikutangulia. Kuuliza kulitangulia.

Basi, nasi tuulizwe. Na tusipoulizwa, tuseme. Barabara nyingi za mitaa husimamiwa na TARURA, iliyoanza mwaka 2017, na barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS. Lakini maneno yetu huanzia kwenye mkutano wa mtaa, yakapita kamati ya maendeleo ya kata, hata kufika halmashauri. Wakati wa kusema ni kabla ya mawe kumwagwa. Mstari uliochorwa kwenye karatasi hufutika; mtaro wa saruji kuuhamisha ni gharama.

Tusiende peke yetu, wala tusiende kuwashinda wengine. Dereva wa lori la korosho aendaye bandarini anahitaji njia. Kijana wa bodaboda anahitaji mahali pa kungojea abiria. Mama muuza vitumbua anahitaji kivuli, na jirani zetu Waislamu waendao msikitini alfajiri wanahitaji taa kama sisi. Wote waketi pamoja, kila mmoja aeleze anapopita na anapoogopa.

Nabii Zekaria, katika sura ya 8, auonapo mji uliobarikiwa, hataji magari ya farasi. Awaona wazee wameketi njiani na mikongojo yao, na watoto wakicheza. Mzee wetu wa gongo na watoto wetu wa shule ndio kipimo cha njia njema.

Maswali ya kujadiliana

1. Simameni saa moja asubuhi kando ya njia moja. Hesabuni wapitao kwa miguu, kwa baiskeli, bodaboda, bajaji na magari. Walio wengi wamepewa nafasi gani?

2. Ni wapi mtoto hawezi kuvuka peke yake? Mzee je? Kipofu je?

3. Nani kati yetu atakwenda mkutano ujao wa mtaa, naye atapeleka neno gani?