KIJANA ALIYECHELEWA KUINGIA

Somo kwa vijana: Mmisionari wa vyuoni ni nani, naye anatafuta nini kwako?

Soma: Yeremia 45:5, Mathayo 6:33, Matendo 19:8-10



Usiitupe kwanza karatasi hii. Labda umefika uwanjani kwa sababu ya vyombo vya muziki, ama rafiki amekuvuta mkono, ama ulikuwa unapita tu. Si neno. Nataka nikusimulie habari za kijana mwingine ambaye naye alikuja mkutanoni kwa kusitasita.

Mwezi wa Januari mwaka 1886, katika Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, palikuwa na mwanafunzi wa miaka 20, jina lake John Mott. Kichwani alikuwa na hesabu zake: awe mwanasheria, aingie katika siasa, ama arudi nyumbani kushika biashara ya mbao ya baba yake. Hesabu nzuri kabisa! Nani angemlaumu?

Basi akaja mgeni kutoka Uingereza kuzungumza na wanafunzi. Mgeni huyo hakuwa mzee mwenye joho. Alikuwa kijana, Kynaston Studd, aliyewahi kuwa nahodha wa timu ya kriketi ya Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka mmoja nyuma, ndugu yake Charles, mchezaji wa timu ya Uingereza, alikuwa ameacha sifa za uwanjani, akapanda meli kwenda China kuhubiri Injili pamoja na vijana wenzake sita. (Charles huyu baadaye alikuja hapa hapa Afrika, akatumika Kongo tangu 1913 hadi alipofariki huko mwaka 1931.)

Mott alichelewa, akaketi nyuma. Lakini alipokuwa akiingia tu, akasikia mgeni akitaja Neno la Mungu: usijitafutie mambo makubwa kwa ajili ya nafsi yako, utafute kwanza ufalme wa Mungu. Maneno machache tu, nayo yalimchoma. Kesho yake akamfuata yule mgeni wakazungumza.

Je, wajua kilichofuata? Miezi michache baadaye wanafunzi 251 walikutana Mount Hermon, jimbo la Massachusetts. Kabla hawajaachana, 100 kati yao walikuwa wamejitoa kwenda kutangaza Injili nchi za mbali, na Mott akiwa mmoja wao. Yeye akawa mtumishi wa wanafunzi. Mwaka 1895 alishiriki kuanzisha shirikisho la wanafunzi Wakristo wa mataifa mbalimbali, akazunguka dunia chuo kwa chuo. Mwaka 1946 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Yote hayo yalianzia kiti cha nyuma!

TUNAJIFUNZA NINI?

1. Mmisionari wa vyuoni hapingi elimu.

Wengine husema, "Ukiokoka utatupa vitabu." Si kweli! Danieli na wenzake walisomeshwa miaka mitatu elimu na lugha ya Wakaldayo (Danieli 1), na bado walimcha Mungu. Mtume Paulo, alipokataliwa katika sinagogi kule Efeso, alihamia katika darasa la Tirano, akahojiana na watu kila siku kwa muda wa miaka miwili, hata wenyeji wa Asia wakalisikia Neno. Hakuogopa maswali, aliyajibu. Basi nawe uliza. Mtumishi anayekukemea kwa sababu umeuliza hajamwiga Paulo.

2. Anajua kwamba muda ni mfupi.

Chuo ni kama stendi ya mabasi. Watu wanashuka, wanapanda, wanaondoka. Ndani ya miaka mitatu au minne huyu atakuwa mwalimu Songea, yule daktari Bukoba, mwingine hakimu. Kwa hiyo mtumishi wa vyuoni hangoji watu waje kanisani Jumapili. Huwaendea bwenini. Huanza na wale wa mwaka wa kwanza, waliotoka mbali na hawamjui mtu. Huketi na vijana wanne watano, wanafungua Biblia, wanajadiliana. Bumu likichelewa, hugawana nao ugali. Mmoja akipata sapu, humtia moyo asome. Akidisko, wenzake wakamkimbia, yeye humfuata mpaka kwao. Kazi hii haina makofi. Huenda ukalima mwaka mzima, mavuno akayaona mwingine.

3. Anamtafuta mmoja.

Studd hakujua ni nani aliyeingia kwa kuchelewa. Mungu alijua.

4. Si lazima awe na digrii.

Labda wewe unasema, "Mimi chuo sikufika, nauza mitumba." Sikia: Paulo yule yule wa darasa la Tirano alikuwa fundi wa mahema, akajilisha kwa mikono yake mwenyewe (Matendo 20:34). Mama anayeuza chapati kwenye lango la chuo huwaona wanafunzi wengi kuliko mhadhiri. Akiwa na Yesu moyoni, pale mezani pake ni madhabahu!

LAKINI WEWE JE?

Hapa ndipo penye jambo lenyewe. Huwezi kumpelekea mtu maji ambayo wewe hujayanywa. Kabla Mungu hajakutuma popote, anakutaka WEWE kwanza.

Utasema, "Ngoja nimalize masomo." Ukimaliza utasema, "Ngoja nipate kazi." Kisha, "Ngoja nioe." Ndugu yangu, dada yangu, kungoja huko kutaisha lini? Cheti kitakupa kazi, lakini hakiwezi kukuondolea dhambi. Usiku, taa ikizimwa, moyo wako wajua hivyo. Yesu Kristo alikufa msalabani kwa ajili yako, akafufuka, na yu hai leo. Umechelewa? Ingia tu. Kiti cha nyuma kingalipo.

Omba sala hii kwa imani:

"Bwana Yesu, nimejitafutia mambo yangu mwenyewe, nikakuacha wewe. Nisamehe dhambi zangu. Unioshe kwa damu yako. Ingia moyoni mwangu, uwe Bwana wa masomo yangu, kazi yangu na maisha yangu yote. Nitume kwa mwenzangu. Amina."

Kama umeomba kwa moyo wote, fanya haya matatu: mwambie mtu mmoja leo hii, anza kusoma Injili ya Yohana, sura moja kila siku, tafuta kanisa au kikundi cha wanafunzi wanaomwamini Yesu, ukue pamoja nao.

Kisha karatasi hii umpe mwingine. Huenda naye amechelewa.

Bwana asifiwe!