Kunyoosha Mstari wa Cheni katika Baiskeli ya Milimani Yenye Gia Moja ya Mbele

Mstari wa cheni ni umbali, unaopimwa kwa milimita, kutoka katikati ya fremu ya baiskeli hadi katikati ya meno yanayobeba cheni. Umbali huo hupimwa mara mbili: mbele, kwenye gia inayozungushwa na pedali, na nyuma, kwenye nafasi ya katikati ya kaseti, yaani fungu la gia lililokaa juu ya habu ya gurudumu. Vipimo hivyo vikilingana, cheni hunyooka inapokuwa kwenye gia za katikati na hupinda kwa kiasi kilekile inapohamia pembeni. Visipolingana, upande mmoja hupata nafuu na mwingine huelemewa.

Baiskeli yenye gia tatu za mbele haikusumbuliwa sana na jambo hili, kwa kuwa mwendeshaji aliyepanda mlima aliishusha cheni kwenye gia ndogo ya ndani, ambayo tayari ilielekeana na gia kubwa za nyuma. Mwaka 2012 kampuni ya SRAM ya Marekani ilipoleta mfumo wa XX1, wenye gia moja mbele na 11 nyuma, gia hiyo moja ilibebeshwa kazi iliyokuwa ya tatu. Meno yake hupishana, jembamba likifuatiwa na nene, ili yajaze sawasawa nafasi za pingili za cheni, ambazo nazo hupishana kwa upana. Meno ya namna hiyo huizuia cheni isiruke, lakini hayawezi kuinyoosha.

Dalili za mstari uliopotoka

Dalili iliyo wazi zaidi huonekana baiskeli ikiwa imeinuliwa, cheni ikiwa kwenye gia kubwa kabisa ya nyuma, na pedali zikizungushwa kinyumenyume polepole. Kibadilisha gia huiongoza sehemu ya chini ya cheni peke yake. Pedali zinaporudi nyuma, cheni huifikia kaseti kwa juu, mahali pasipo na kiongozi chochote, ikitokea moja kwa moja kwenye gia ya mbele. Gia ya mbele ikiwa nje mno, pingili huonekana zikipanda juu ya ncha za meno, zikisita, kisha zikidondokea gia inayofuata. Dalili ya pili ni ubavu wa nje wa meno ya mbele kung'aa na kulika kuliko ubavu wa ndani, kwa sababu cheni inayovutwa kuelekea ndani huugandamiza ubavu huo.

Kabla ya kuulaumu mstari wa cheni, ni vyema kuhakikisha kwamba kishikizo cha kibadilisha gia hakijapinda, maana kishikizo kilichopinda nacho huleta kelele na huzifanya gia zikatae kutulia.

Kupima

Mfano unaofaa ni baiskeli ya zamani yenye habu ya nyuma ya milimita 135 na gia 10 za nyuma, iliyoondolewa gia mbili za mbele na kubakiziwa moja. Kwanza hupimwa kipenyo cha bomba la kiti na kugawanywa kwa mbili, kisha huongezwa umbali kutoka ubavu wa bomba hadi katikati ya jino la mbele: bomba la milimita 32 hutoa 16, na umbali ukiwa 34, jumla ni 50. Ikiwa bomba la kiti halikukaa katikati ya fremu, kama ilivyo katika baadhi ya baiskeli zenye springi nyuma, kipimo huanzia kwenye bomba la ekseli ya pedali, kwa kuchukua nusu ya upana wake.

Kwa upande wa nyuma, hupimwa umbali kutoka uso wa ndani wa fremu, pale ekseli inapofungwa upande wa kulia, hadi gia ndogo kabisa, kisha hadi gia kubwa kabisa. Vipimo vikiwa 5 na 40, wastani ni 22.5, na ukitolewa katika 67.5, ambayo ni nusu ya 135, hubaki 45. Gia ya mbele, kwa hiyo, iko nje kwa milimita 5.

Kusogeza

Njia nyepesi ni kuifunga gia upande wa ndani wa mikono inayoishika na kuongeza washa nyembamba za milimita moja kwenye kila bolti, mradi bolti ziendelee kuingia kikamilifu kwenye nati zake. Njia ya pili ni kuihamisha pete ya milimita 2.5 ya ekseli ya pedali kutoka kulia kwenda kushoto, ingawa kufanya hivyo huisogeza mikono yote miwili ya pedali, hata miguu ikakosa kuwa sawa kutoka katikati ya baiskeli. Katika baadhi ya mifumo ya SRAM, ambamo gia hufungwa moja kwa moja kwenye mkono wa pedali, huchaguliwa gia yenye mpindo wa milimita 6 kwa mstari wa 49, au mpindo wa 3 kwa mstari wa 52 unaoendana na habu ya milimita 148.

Kusogeza kwa milimita 3 tu huleta tofauti ya kweli: katika mfano huu, mkengeuko wa cheni kwenye gia kubwa hupungua kutoka milimita 22.5 hadi 19.5, na kwenye gia ndogo huongezeka kutoka 12.5 hadi 15.5 pekee. Hata hivyo, kikomo huwekwa na fremu. Gia ikisogea ndani hulikaribia bomba la nyuma linaloambaa na cheni, na kwa kuwa fremu hunyumbuka mtu anapokanyaga kwa nguvu, ni lazima ibaki nafasi ya milimita kadhaa kati ya meno na bomba.

Nafasi ikiruhusu, inafaa kuegemea upande wa ndani badala ya kutafuta usawa kamili wa hesabu, kwa maana ni kwenye gia kubwa za nyuma, mlimani, ambako cheni huvutwa kwa nguvu nyingi zaidi, na hapo ndipo unyoofu wake huurefusha uhai wa cheni, wa meno na wa kaseti nzima.