Kazi ya Mtu Anayependa Utaratibu

Swali: Nimemaliza kidato cha nne hapa Busia. Kubuni mambo mapya hunichosha, ila nikipewa utaratibu naufuata hadi mwisho. Kuna kazi ya mtu kama mimi?

Jibu: Ipo, tena mlangoni pako. Ingia ofisi ya wakala wa forodha, Busia au Malaba, umwangalie karani. Analinganisha ankara, orodha ya mizigo na cheti cha asili ya bidhaa, mstari kwa mstari, kisha anajaza tamko la forodha katika mfumo wa mamlaka ya mapato ya Kenya (KRA). Tarakimu moja ya msimbo wa bidhaa ikikosewa, ushuru unaweza kubadilika na lori likalala foleni. Hapo hatakiwi mbunifu. Anatakiwa anayesoma mara mbili.

Tangu kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia kizinduliwe mwaka 2018, maofisa wa Kenya na Uganda hufanya kazi mahali pamoja, lakini karatasi bado zinataka mtu makini. Cheti cha mawakala kinachotambulika Afrika Mashariki ni EACFFPC. Nchini Kenya hufundishwa katika chuo cha KRA, KESRA. Ila kabla ya kulipa karo, omba kwanza uanagenzi kwa wakala mwenye leseni, uone kama kazi yenyewe inakufaa.